Matanga ya Baba na Gauni la Bluu

Wenzangu mliojifunza kuandika kwa kidole mchangani, mkisikia wajukuu zenu wanalalamika kwamba sare ya shule inawatesa, najua mnafanya ninavyofanya mimi: mnaangalia pembeni, mnameza mate, mnanyamaza. Watoto wa siku hizi wana mateso makubwa. Sketi imekaa vibaya kiunoni. Sweta si rangi ile ile waliyoiona kwenye picha. Suruali ya mvulana ni pana, inabidi ipelekwe kwa fundi ibanwe mpaka mwenyewe ashindwe kukaa kwenye dawati. Nawaonea huruma sana. Sisi miaka ya hamsini hatukupata tabu hizo, kwa sababu nguo zenyewe hatukuwa nazo.

Kijijini kwetu, upande wa Mchombe, shule ilikuwa ya misheni: kuta za udongo, paa la nyasi, na magogo ya kukalia yaliyolainishwa na makalio ya waliotutangulia. Masika maji ya bonde yalipanda mpaka mlangoni, na vyura walihudhuria masomo kwa uaminifu kuliko baadhi yetu. Asubuhi darasa lilinuka moshi wa kuni, mafuta ya nyonyo tuliyopakwa na mama zetu, na kambale wa kukaushwa ambaye kila mtoto alimfunga kwenye jani la mgomba kwa ajili ya mchana. Mwalimu akianza hesabu, nusu ya darasa ilikuwa inafikiria jani la jirani. Mapumziko tulicheza kombolela mpaka jasho likachanganyika na tope, tukarudi ndani tukiwa na rangi moja, ambayo kwa kweli ndiyo sare ya kwanza tuliyowahi kuwa nayo.

Kila mmoja alivaa alichopata. Kulikuwa na mwenye shati la baba yake lililomfika magotini, akalihesabu kuwa kanzu. Kulikuwa na aliyekuja na gunia lililotobolewa matundu ya kichwa na mikono, na siku za joto alijikuna mpaka Mwalimu anapoteza hesabu ubaoni. Kaptura za wavulana zilikuwa na madirisha nyuma, na aliyetembea nyuma ya mwenzake alijua habari zake zote. Mimi nilifungiwa shingoni nusu ya khanga ya mama. Ilikuwa imekatwa katikati, kwa hiyo maneno yake yalianzia kwangu yakamalizikia kwa mama, na hakuna aliyeweza kuyasoma yote mpaka tusimame pamoja. Nilijiona nimevaa vizuri kuliko mtoto wa jumbe.

Basi akatokea Mwalimu Gervasi. Alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Mahenge, ameletwa na Padre kutufundisha darasa la pili. Kwenye mafunzo yake ya ualimu aliona shule moja ambayo watoto wote walivaa nguo za namna moja, wakisimama mstarini hujui yupi wa jumbe na yupi wa mvuvi. Jambo hilo lilimwingia kichwani likagoma kutoka. Alituambia kwamba tukivaa sare tutapata akili, nasi tuliamini, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amejaribu. Padre akasema yeye hana neno, wazazi wakae waamue. Nadhani Padre aliwajua wazazi wetu, akaona heri ugomvi uwe wao.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, humo humo darasani. Wazazi walikalia magogo yetu, sisi watoto tukachungulia kwenye nyufa za ukuta. Hoja ya kama sare inafaa au haifai haikuchukua muda, maana kila mtu alitaka kuzungumzia rangi. Nyeupe ilitajwa kwanza, ikakataliwa na akina mama: bafta nyeupe humvalisha mtu mara moja tu, na huwa hajui kama imempendeza. Na hata isingekuwa rangi ya sanda, tope la bonde hili nani atalifua? Mtu mmoja akasema kaniki, haionyeshi uchafu. Akaulizwa kama watoto wanakwenda shule au wanakwenda msibani. Kijani nayo ikaanguka, kwa sababu mtoto akitoroka akaingia mpungani hataonekana tena mpaka mavuno. Kaki ilileta minong'ono tu. Kila aliyefika kijijini kwetu ameivaa alikuja kudai kodi. Mwishowe akasimama Mzee Saidi, fundi cherehani, Mwislamu pekee katika mkutano ule, akawashauri wafuate rangi ya joho la Bikira Maria pale kanisani. Wakristo wote wakaona haya kumpinga, ikawa bluu. Mzee Saidi alikuwa na jora zima la bluu nyumbani kwake, lakini nina hakika alisukumwa na imani tu.

Baba yangu, Desideri, alikuwa amenyamaza muda wote huo, na baba akinyamaza mama alianza kukusanya vitu vyake mapema. Akasimama.

"Mimi mtoto wangu namvalisha mwenyewe," alisema. "Sivalishiwi mtoto na mkutano. Siku Apolonia wangu atakapovaa hiyo sare yenu, nihesabuni nimekufa. Njooni mnilie."

Akaweka kofia kichwani akatoka. Apolonia ndiye mimi, niliyekuwa nje nikichungulia kwenye ufa wangu.

Lilikuwa kosa kubwa, lakini si kwa sababu ya sare. Baba aliapa mbele ya Bibi Melania. Huyu alikuwa mjane mfupi mwenye sauti ya kuvuka mto, na ukoo wake na ukoo wetu walikuwa watani tangu zamani ambazo hata wazee hawakuzijua. Ninyi mliokulia kwenye utani mnaelewa. Wajukuu zetu wanadhani ni vichekesho vya kwenye televisheni. Mtani wako aliweza kuingia kwako akakamata kuku, akakuita mchawi mbele ya wakwe zako, na siku ya msiba akaja kukwamisha mazishi mpaka apewe chake. Nawe hukasiriki. Aliyemkasirikia mtani alitozwa faini, na juu ya faini alichekwa mpaka na watoto. Mtu mwenye akili timamu hakuapa jambo zito mbele ya mtani wake, kwa sababu mtani alikuwa na haki ya kulichukua neno lako akalitumia kama lilivyo. Siku ile nilimwona Bibi Melania anafunga tumbaku yake kwenye pindo la khanga, polepole, huku akitabasamu peke yake.

Mwalimu Gervasi akatangaza kwamba shule ikifunguliwa baada ya Pasaka, asiye na sare asikanyage. Wakati huo ndipo mpunga unapotoa masuke, na ndege wa bonde letu hawajui likizo. Baba akanijengea dungu shambani, lile jukwaa la miti ambalo mtoto hukaa juu yake kufukuza ndege. Alilijenga vizuri mno, akaliwekea kivuli na ngazi ya kutosha miguu yangu mifupi, likawa zuri kuliko nyumba aliyopewa Mwalimu. Akanisukia na teo la kurushia vidongo. Hakuwa mkatili, na hilo ndilo lililoniumiza, maana baba mkatili unaweza kumchukia ukapumzika. Nilijua wasichana waliopanda dungu wakiwa na umri wangu. Waliposhuka, walishuka kuolewa. Mimi nilikuwa nimeshajua kusoma maneno mafupi, nikawa najificha nyuma ya ghala nikiyaandika yote mchangani, kwa kuogopa yataniacha. Nililia sana siku zile.

Katikati ya majonzi hayo jogoo wa baba akatoweka. Baba alijua amechukuliwa na Bibi Melania, akacheka kama ilivyompasa. Hakuuliza jogoo amekwenda kufanya kazi gani.

Siku shule ilipofunguliwa niliamka nikachukua teo langu na debe bovu la kupigia ndege kelele. Mama akaniita chumbani. Kitandani palikuwa na gauni la bluu, limekunjwa vizuri. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na asubuhi ile hakutumia hata moja. Alinivua khanga, akanivalisha gauni, na alipokuwa anafunga kifungo cha shingoni, nje watu wakaangua kilio.

Walikuja kwa njia ya mtoni, Bibi Melania mbele na wanawake wa ukoo wake nyuma, wamejifunga kaniki, wamejipaka majivu, mmoja anagaagaa kwenye umande. Baba alikuwa kwenye kigoda chake barazani anakula kiporo cha ubwabwa. Akasimama na tonge mkononi.

"Jamani, kafa nani?"

"Wewe," Bibi Melania akamjibu, akaendelea kulia.

Wakamnyang'anya sahani, kwa maelezo kwamba maiti hali. Wakakigeuza kigoda miguu juu. Bibi Melania akakaa katikati ya uwanja, akanyoosha miguu, akaanza kumtaja marehemu kwa sifa zake. "Desideri, umetuacha na nani? Nani atakoroma kanisani tujue mahubiri yamekuwa marefu? Nani atakuwa wa mwisho kufika shambani na wa kwanza kufika kwenye chungu? Samaki wa mto huu wamefurahi leo, Desideri, ingawa hukuwahi kuwasumbua." Majirani wakaanza kumiminika. Bibi mmoja wa nyumba ya pili, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, alilia machozi ya kweli, na alipofika kwa baba akampa mkono wa pole, akamwambia ajikaze, marehemu alikuwa mtu mwema.

"Nimekufa kwa lipi?" baba aliuliza. Midomo ilikuwa inamcheza. Kicheko kilimvuta huku, hasira kule.

"Si ulisema mwenyewe mbele ya mkutano? Siku Apolonia akivaa sare, tuje tukulie. Sisi si watu wa kupuuza maneno ya marehemu." Akageukia mlangoni. "Mama Apolonia, mtoe mfiwa."

Nikatoka. Gauni lilikuwa kubwa, Mzee Saidi alikuwa amelishona kwa kukadiria nitakavyokuwa baada ya miaka mingi ya kula vizuri, na mikono yake ilinifika viwikoni. Watu wakageuka kunitazama. Sikuthubutu kumwangalia baba. Hata mimi mtoto niliona alivyobanwa. Akikasirika, watani wanamtoza faini. Akisema yu hai, basi sare haikumuua, na kiapo chake ni maneno matupu. Akikubali kwamba amekufa, maiti haina uwezo wa kumkataza mtu shule.

Baba hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama mpaka kicheko kikamtoka usoni. Kisha akasema, bila kumwelekea mtu, "Kule Burma walituvalisha sote sawasawa. Wenzangu walipokufa, sikujua yupi ni yupi. Ilibidi niwageuze mmoja mmoja."

Tulijua kwamba alikwenda vita vya Wazungu akarudi. Hilo la kuwageuza wenzake hatukulijua, na mama naye hakulijua, nilimwona anavyojishika kwenye mlango. Kumbe ule ubishi wote wa mkutanoni, kofia kichwani na kutoka, ulikuwa woga wa mtu aliyekwisha kuona watoto wa watu wamelala mstarini na nguo moja. Nilitaka kulivua lile gauni pale pale. Bibi Melania akajifuta majivu usoni kwa mgongo wa mkono. Akaomba sindano na uzi. Kisha akalishika pindo la khanga aliyojifunga mama, ile nusu ya pili, akachana kipande, akapiga magoti mbele yangu akakishona kwa ndani kwenye pindo la gauni.

"Haya," akamwambia baba, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huyu hutahitaji kumgeuza."

Baba alijifufua kwa kuwatolea watani beberu. Bibi Melania alisema kufa ni bure, gharama iko kwenye kurudi. Ndipo ilipofahamika pia kwamba jogoo alikuwa kwa Mzee Saidi, na kwamba baba alikuwa amenunua gauni la sare kwa mali yake mwenyewe bila kujua. Beberu aliliwa siku hiyo hiyo na marehemu akala kuliko wote.

Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda shule. Baba alinifuata kwa mbali, akasimama kwenye ua wa minyaa. Tulikuwa mstarini tunaimba, wote bluu, na Mwalimu Gervasi anapita mbele yetu akiwa amefurahi kama bwana harusi. Nikamwona baba ananitafuta, macho yanakwenda na kurudi, hanioni. Nikainama kama ninayejikuna mguu, nikakunja pindo kidogo. Akaiona khanga ya mama. Akageuka, akaenda kupanda lile dungu aliloniwekea ngazi fupi, akafukuza ndege mwenyewe mpaka mavuno. Mwalimu naye aliliona pindo langu mara nyingi, na kila mara akaamua kukagua kucha.

Nilisoma pale mpaka gauni likanitosha, nikaendelea mbele, nikawa mwalimu wa watoto wadogo mpaka nilipostaafu. Baba alipokufa kweli, nikiwa tayari mama wa watoto, Bibi Melania aliletwa kwenye baiskeli, mkongwe haswa. Alisema huyu mtu ni mlafi, anataka matanga mara mbili, na kwamba machozi yake yeye alikwisha kuyatoa zamani. Kisha akalia kuliko sisi wote.

Haya yote nimeyakumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu. Alipewa jina la baba, Desideri, nami humwita baba kama inavyotakiwa. Anaishi Viwanja Sitini, hapa Ifakara, ana nyumba nzuri, televisheni ukuta mzima, na binti mmoja, Neema, aliye darasa la pili. Shule ya Neema imeamua kwamba sweta ziache kuwa za bluu, ziwe za zambarau. Wazazi wamelijadili hilo kwenye kundi lao la wasapu kwa juhudi ambayo, kama wangeielekeza kwenye mitaro, masika tungetembea Ifakara nzima kwa viatu. Mjukuu wangu akaandika kwamba mwanawe akivaa sweta hilo, wamhesabu amekufa. Halafu akajitoa kwenye kundi, ambayo nadhani ndiyo njia ya siku hizi ya kuvaa kofia na kutoka. Nilimwita nikamuuliza sababu. Nilimuuliza kwa upole, nikidhani labda naye ana Burma yake ambayo sikuijua. Aliniambia zambarau haimtoi mtoto vizuri kwenye picha. Neema akabaki nyumbani.

Nikakumbuka kwamba bibi na mjukuu ni watani, na haki hiyo sijasikia aliyeifuta. Nikajifunga kaniki, nikajipaka majivu, na magoti yangu haya mabovu nikapanda bajaji, dereva akinichungulia kwenye kioo njia nzima. Nikashuka mlangoni kwa mjukuu wangu nikilia. "Desideri baba yangu, umetuacha na nani? Nani atalala na simu kifuani kama kitabu cha sala? Nani atagombana na watu asiowajua?" Nilijitahidi sana, wenzangu. Nilikaa chini nikanyoosha miguu kama nilivyomwona Bibi Melania. Akatoka na simu mkononi. Nilidhani ataiweka chini apate kunijibu. Akainyanyua, akanirekodi mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi, rudia pale pa kitabu cha sala, upepo umeingia."

Naambiwa nimechekesha watu mpaka Dar es Salaam. Wamenitumia mioyo na nyuso za kucheka, na mmoja ameuliza kama nakodishwa kuchekesha kwenye sherehe. Hakuna aliyekuja na beberu. Enzi zetu tulikuwa na nguo chache kuliko hawa, na kwa kweli sioni haja ya kuwatamania watoto gunia na madirisha ya kaptura. Ninachokililia ni kile kicheko chetu. Kilikuwa kinatumwa kazi, na hakikurudi nyumbani mpaka mtoto amefika shule. Hiki cha siku hizi kinapita tu.

Jana asubuhi, siku ya shule, nilikwenda kuwajulia hali. Desideri alinionyesha idadi ya waliotazama, akifurahi, akanipisha kiti. Neema alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda na kijiti mkononi, amevaa sweta lake la zamani la bluu. Akaniamkia shikamoo, akainama tena, akaendelea kufukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa.